Maji Yakipwa

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu katika imani.

Wiki tatu mfululizo sikuhudhuria darasa la kusoma Qur'ani la baada ya swala ya Magharibi, na kila aliyeniuliza nilimjibu kuwa mgongo unanisumbua. Mgongo ulikuwa ukiuma kweli, na hapo ndipo palipokuwa na hatari, kwa kuwa udhuru wenye chembe ya ukweli ndani yake ndio mgumu zaidi kuung'oa. Sababu yenyewe ilikuwa nyingine: kijana mmoja, niliyemjua tangu akichezea mchanga hapa ufukweni Bagamoyo, alinisahihisha matamshi ya dhadi, herufi ya Kiarabu, mbele ya wenzangu. Alinisahihisha kwa haki na kwa adabu, nami nikarudia kama alivyonielekeza, kisha nikaondoka na donge kifuani.

Qur'ani Tukufu, katika Sura Al-Qiyama, aya ya 14 na ya 15, inatufundisha kuwa mtu ni shahidi juu ya nafsi yake, hata akitoa nyudhuru zake. Aya hizo nilizihifadhi tangu utotoni chuo cha Qur'ani, nikizidhani ni habari za Siku ya Malipo peke yake, mpaka usiku mmoja nilipokaa kitandani kuifanyia nafsi yangu muhasaba, nikajiuliza: lau aliyenisahihisha angekuwa sheikh mkubwa aliyetoka mbali, mgongo ungeniuma? Jibu lilikuja kabla sijamaliza swali. Shahidi yule alikuwapo siku zote, na alijua tangu jioni ya kwanza.

Mtume (s.a.w.) ameieleza kibri kuwa ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Nilijiona salama kwa sababu haki sikuikataa, maana herufi niliirudia. Lakini ile sehemu ya pili ilikuwa imekaa ndani yangu kimya, na ndiyo iliyonifungia mlango wa darasa.

Sisi wa Bagamoyo tuna sababu ya kulifikiri jambo hili zaidi ya wengine. Sheikh Yahya bin Abdallah, tunayemjua kwa jina la Sheikh Ramiya, aliletwa mjini hapa akiwa mtumwa, mtoto aliyetoka upande wa Kongo, akasoma, akawa mwanachuoni na kiongozi wa twarika ya Qadiriyya, njia ya Kisufi, hadi alipofariki mwaka 1931. Tunamtaja kwa fahari, na inafaa. Hata hivyo najiuliza kwa hofu: kama ningeishi zama zile, nikiwa mtu wa kujivunia nasaba, ningekubali kukaa mkekani mbele yake, au ningeumwa mgongo?

Fundi wa vyombo vya baharini hatii kalafati, yaani pamba ya kuzibia maungio, kwenye tumbo la jahazi linaloelea. Hungoja maji yapwe, chombo kikae mchangani, ndipo apite kwenye maungio ya mbao akitafuta mahali pamba ilipooza. Mwenye chombo akiona haya tumbo hilo kutazamwa na wapita njia, atamaliza safari zake zote akifua maji ya ngama, yale yanayovujia ndani ya chombo. Nami nilikuwa nikifua maji: kila usiku niliomba maghufira kwa ajili ya hasira, na kila asubuhi hasira ilikuwa imejaa tena, kwa sababu tundu lenyewe, ambalo ni kibri, sikuwahi kuligusa. Kusahihishwa mbele ya watu kulikuwa ndiko kupwa kwangu kwa maji, rehema ambayo niliikimbia kwa wiki tatu.

Jumatatu nilirudi darasani, nikaketi karibu na kijana yule, nikamwomba anisikilize Al-Fatiha tangu mwanzo. Alinisimamisha kwenye neno la mwisho, kwenye dhadi ileile. Donge lilirudi, dogo kuliko lile la kwanza, na safari hii nililijua jina lake.