Nilivyojifunza kuipima roboti ya kugeuka kabla ya kuilipia

Roboti yangu ya kwanza ya Transformers, sanamu za kuchezea zinazogeuka kuwa gari, kutoka kampuni isiyo na leseni ya mwenye jina hilo, niliinunua kwa sababu ya uzito. Muuzaji aliiweka juu ya mizani na kuipiga picha, na mimi niliyezoea plastiki nyepesi nikaamini kwamba kizito ndicho bora. Ilipofika niliishika kwa mikono miwili kwa furaha. Wiki mbili baadaye ilikuwa imeinamia mbele, haisimami bila kuegemezwa. Kifua na nyayo vilikuwa vya aloi ya zinki, lakini nyonga zilizobeba mzigo huo wote zilishikwa na vipini vyembamba vya plastiki. Chuma kilikuwa kimewekwa pa kuonekana, si pa kubeba.

Tangu siku ile huanza na viungo, rangi baadaye.

Kwa asiyezijua sanamu hizi: Transformers za kampuni ya Kimarekani ya Hasbro zilianza mwaka 1984, nyingi zikitokana na Diaclone na Micro Change, midoli ya kampuni ya Kijapani ya Takara. Mwaka 2003 Takara ikaanzisha Masterpiece, sanamu zilizowalenga watu wazima waliokua na roboti hizo. Wahusika ni wengi mno kuliko wanaotolewa rasmi, na nafasi hiyo ndiyo iliyojazwa na kampuni kama FansProject, MakeToys, FansToys na Mastermind Creations. Hawa huchora muundo wao wenyewe. Mhusika unamtambua kwa sura na rangi, ila jina lililo kwenye boksi ni jingine. Usiwachanganye na watengenezaji wa feki, wanaochukua sanamu iliyokwisha kutoka wakainakili ilivyo, wakati mwingine wakiikuza ukubwa. Ilinichukua muda kuielewa tofauti hiyo, na ndiyo inayoeleza sehemu kubwa ya bei: kwa wa kwanza unalipia pia kazi ya kubuni, kwa wa pili hulipii. Hata hivyo nimewahi kushika nakala ambayo viungo vyake vilikaza vizuri kuliko vya ile iliyonakiliwa, kwa hiyo sihukumu kwa asili peke yake.

Turudi kwenye viungo. Viko vya aina tatu hivi. Vyenye meno ndani hulia vikisogezwa, na hushika mkao hata mguu ukiwa mzito. Kasoro yake ni pale meno yanapokuwa machache, kila hatua ikawa kubwa, na roboti ikawa ama imeinamia mbele ama imelalia nyuma, katikati hakuna. Vya msuguano husogea kokote utakako, lakini huchakaa. Vya gololi, yaani kijipira kinachozunguka ndani ya kikombe, ndivyo dhaifu zaidi kwenye sanamu kubwa, ingawa kwenye zile ndogo zinazoenea kiganjani vinafaa sana. Siku hizi nyonga na magoti nayataka yenye meno, na kwenye kifundo cha mguu nataka mwinamo wa pembeni, ili unyayo ulale sawasawa miguu inapotanuliwa. Roboti isiyo na mwinamo huo itasimama kwa ukingo wa nyayo tu, hata ikiwa nzuri kiasi gani pichani.

Jaribio la pili ni kuigeuza. Naigeuza mara tatu siku ya kwanza, kutoka roboti kuwa gari na kurudi, pole pole, chini ya taa. Mara ya kwanza nasoma maelekezo. Ya pili nasikiliza mikono: je, vipande vinaingia mahali pake, au nalazimika kusukuma? Ya tatu natafuta majeraha. Plastiki iliyoelemewa huacha mstari mweupe palipokunjwa, na hapo ndipo ufa utakapoanzia. Rangi iliyochubuka karibu na bawaba inaonyesha kwamba vipande viwili vinakwaruzana kila vinapopishana. Bawaba iliyotengenezwa kwa plastiki angavu, ile ya vioo vya gari, huniogopesha kuliko yote, maana plastiki hiyo haikunjiki; inapasuka. Vilevile plastiki yenye mng’ao wa dhahabu iliyochanganywa ndani yake: kuna sanamu za zamani za rangi hiyo zilizovunjika zenyewe kwa kukauka na umri, na wakusanyaji wakongwe wanalijua tatizo hilo vizuri.

Kiungo kilicholegea hakinikatishi tamaa, kwa sababu kinatibika. Nafungua skrubu, napaka tone la gundi kali kwenye gololi, naliacha likauke kabisa, ndipo narudisha. Kilichokaza kupita kiasi napaka mafuta ya silikoni. Kukilazimisha ndiko kunakovunja. Kasoro ya muundo ndiyo isiyotibika. Mgongo unaobeba nusu ya gari kama furushi hauondolewi na gundi.

Thamani ni jambo jingine, maana sanamu bora inaweza kushuka bei usiku mmoja. FansToys ilimtoa Quakewave, jina lao la Shockwave, yule wa zambarau mwenye jicho moja, kabla Takara Tomy (ndiyo Takara baada ya kuungana na Tomy) haijamtoa Shockwave rasmi wa Masterpiece, namba MP-29, mwaka 2016. Mwanzoni aliyetaka mhusika huyo kwa ukubwa ule hakuwa na njia nyingi. Baadaye akapata cha kulinganisha. Kwa hiyo kabla ya kulipa bei ya juu najiuliza kama toleo rasmi linaweza kuja, na kama kampuni yenyewe inaweza kurudia kuzalisha. Toleo la pili mara nyingi huja na vipande vilivyorekebishwa, nami huwa nalisubiri. Kwa seti za roboti zinazoungana kuwa jitu moja, kama Hercules ya kampuni ya TFC yenye roboti 6 zinazogeuka kuwa magari ya ujenzi, nakagua kila silaha na kila kiunganishi kwa kufuata maelekezo, kwa sababu kipande kimoja kikikosekana jitu lote linakuwa pungufu, na kukipata peke yake ni kazi ngumu.

Ninaponunua iliyotumika siombi tena picha. Naomba video fupi ya roboti ikiwa imesimama kwa mguu mmoja, mkono umenyooshwa mbele, silaha imeshikwa. Wauzaji wawili walikataa, na sikununua kwao. Wa tatu alituma dakika nzima, na roboti haikutikisika hata alipoigonga meza. Nililipa bei aliyotaja bila kubishana. Nimeshaigeuza mara nyingi mno tangu hapo. Kifundo cha kushoto kimeanza kulegea kidogo, na jana nilikipaka tone la gundi.