Kifuu, Ndimu na Moyo wa Mkonge

Jana jioni jirani aliwasha jiko lake kwa vifuu vya nazi, na moshi ulipopita dirishani nilibaki nimesimama na kisu mkononi, ndimu ikiwa imekatwa nusu, nisikumbuke nilikuwa nikiikatia nini. Moshi wa kifuu na ndimu vikikutana hunirudisha uani kwa baba, Lindi, jioni ile kaka aliporudi kutoka melini.

Miaka yake ya baharini naipita. Alihudumu katika baa ya meli ya abiria, na safari hiyo alileta chupa moja ya mezkali, kileo cha Meksiko, akaiviringisha ndani ya kanga ya mama, kwa kuwa baba hajapata kuonja kileo maishani mwake na hakuna kati yetu aliyetaka kumvunjia heshima. Tulisubiri aende kuswali magharibi.

Kaka alipima kwa kikombe kidogo cha dawa: mililita 60 za mezkali, 30 za maji ya ndimu, 20 za shira ya sukari na maji sawa kwa sawa, na ute wa yai moja. Vyote alivitia katika kopo la asali lenye mfuniko, akavitikisa kwanza bila barafu mpaka ute ukaumuka, kisha akatia barafu na kuvitikisa tena. Mezkali ina moshi wake, lakini alisema ndimu zetu ni kali na zitaufunika, hivyo bilauri nazo zifukizwe. Mimi nilikuwa nimekwisha kukusanya maganda ya korosho, kwa kuwa ndiyo yaliyojaa kwetu, naye akayatupa mbali mara moja: mafuta yake hubabua ngozi na moshi wake huwasha macho, hayafai kukaribia kitu cha kunywa. Tukatwaa kifuu. Kilipoanza kufuka aliifunika bilauri juu yake, mdomo chini, kama bibi alivyokuwa akiufukiza mtungi wa maji kwa ubani, na moshi ukajikunja ndani mpaka kioo kikawa cheupe kama maziwa.

Hapo ndipo baba alipotokea mlangoni.

"Mnachoma nini, wanangu?"

Kaka hakuweza kumdanganya. Alimweleza kwamba ni kileo, akaomba radhi, na baba, badala ya kukasirika, akauliza kimetengenezwa kwa kitu gani. Kaka akajibu kwamba kimetokana na mmea ulio ndugu wa mkonge.

Baba alikaa juu ya kinu kilicholazwa. Miaka 22 alikata mkonge katika shamba la Kikwetu, akifunga majani 30 kwa kila fungu, na viganja vyake vilikuwa na makovu ya miiba ambayo sisi watoto tuliyazoea kama watu wanavyozoea kuta za nyumba yao. Mmea ule wenyewe asili yake ni Meksiko. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche yake mwaka 1893, na 62 tu ndiyo iliyofika pwani yetu ikiwa hai. Haya baba hakuwa akiyajua. Alinyoosha mkono, akaipokea chupa, akaisogeza puani, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu, nikasikia barafu ikipasuka ndani ya kopo.

"Wanakamua majani?" akauliza.

"La, baba. Majani wanayakata na kuyaacha. Wanachukua moyo wake, unafanana na nanasi kubwa, wanauoka shimoni juu ya mawe ya moto, wameufunika kwa udongo, siku kadhaa. Moshi huu ndiko unakotoka."

"Sisi tulichukua majani, moyo tukauacha uoze." Alilisema polepole, kama mtu anayerudia hesabu. Katika kila kilo 100 za majani zilizoingia korona, mashine ya kutenga nyuzi na majani, katani iliyotoka ilikuwa kama kilo 4 tu. Hilo alilijua vizuri kuliko sisi. Kisha akaongeza: "Na wakataji wa huko hulipwa kwa mita za mafungu, kama sisi?"

Kaka, aliyekuwa amewamiminia wageni kinywaji hicho kwa miaka mingi, alitazama chini. Hakuwa amewahi kuuliza.

Tulimtengenezea baba bilauri yake bila kileo: ukwaju uliokamuliwa mzito, shira, barafu, na moshi wa kifuu. Aliishika kwa viganja vyote viwili, akanywa taratibu, hakusema neno. Kopo la mezkali lilibaki palepale kando ya jiko. Kaka hakulifungua tena usiku ule.

Nimejaribu mara nyingi kuamua kama jioni ile tulimpa baba furaha au tulimtonesha kidonda, na kila moshi wa kifuu unapopita naliwaza upya. Ninalolikumbuka bila shaka ni kwamba alipomaliza aliitazama bilauri, akainusa ikiwa tupu, akaomba nyingine.