Nilivyoizoea "s" ya Kiingereza nikiwa karani wa mizani

Mimi ni karani wa mizani kwenye kituo cha kupokelea samaki hapa Mwanza. Boti zinashusha sangara kutoka visiwani, tunapima, tunaandika, na jioni ripoti inatumwa kwa Kiingereza kwa sababu wanunuzi wa minofu wako Ulaya.

Msamiati haukunipa tabu. Tabu ilikuwa ile "s". Sisi tumezoea upatanisho: kisiwa kinaonekana, visiwa vinaonekana, kila neno linavaa sare. Kiingereza kinasema "the boat arrives", halafu "the boats arrive". Yaani "s" ikikaa kwenye nomino, kitenzi kinabaki kitupu; ikitoka kwenye nomino, unaikuta kwenye kitenzi. Nikaanza kujiuliza swali moja tu kila sentensi: iko upande gani? Wapo wakorofi kama "men" na "children", ambao ni wingi bila "s" yoyote, na kitenzi chao pia hakiongezewi kitu: "the men wait".

Samaki mwenyewe alikuwa rahisi. Si tunasema samaki amefika, samaki wamefika? Jina halibadiliki, kitenzi ndicho kinachotoboa siri. "Fish" ni vivyo hivyo: "the fish is fresh", "the fish are fresh". "Fishes" ipo, ila zaidi utaisikia kwa mtu anayezungumzia aina mbalimbali za samaki, kama mtafiti wa furu, wale samaki wadogo wa ziwani wenye aina nyingi.

Mizani nayo ilinifundisha. Sangara unaweza kumhesabu, barafu unaipima. Kwa hiyo "ice" haipewi "s" wala "a". Ukitaka kuhesabu, hesabu makreti: "two crates of ice". Kwenye fungu hilohilo nikatupia "information" na "advice". "Equipment" iligoma kidogo, maana nyavu na ndoo zinahesabika mbele ya macho yako, lakini Mwingereza ameamua hivyo, nikakariri.

Nafuu kubwa niliipata kwenye wakati uliopita. Ripoti ya jioni inaeleza mambo yaliyokwisha, na huko ile "s" ya kitenzi haipo kabisa: "the boat arrived", "the boats arrived". Wanabaki "was" na "were" tu, na hao nawasoma kwa sauti kabla ya kutuma.

Vitenzi visivyotaka "ed" nilivipanga kwa mlio. "Caught", "bought" na "brought" vinaimbika pamoja. "Sold" na "told" vivyo hivyo. "Cut" na "put" vinakaa vilevile jana na leo. Nilianza na vile ninavyovitumia kazini. "Swim", "swam", "swum" nikaviweka kando, maana sangara akishafika kwangu haogelei tena.