Trezyemu: daftari ya papa wa geti na Excel yangu

Kuanzia katikati ya mwezi wa kumi na moja biro yangu inageuka kituo cha basi. Mtu anaingia na karatasi ya konji, yaani likizo, anaiweka mezani, haondoki, anakohoa kidogo, anaangalia kalenda ukutani, halafu sauti ya chini: "Mama, na ile kitu, mwaka huu iko?" Ile kitu ni trezyemu, mshahara wa mwezi wa 13 unaolipwa mwisho wa mwaka, na mimi njo ninayepiga hesabu ya mishahara kwenye kakampuni kamoja ka hapa Lubumbashi, ka wale wanaopata kazi kutoka kwa migodi, tuna garaji na malori, watu arobaini na kitu.

Kabla sijafika kwa papa wa geti niseme jambo moja maana watu wanabishana sana kwenye teksi. Sheria ya kazi ya Kongo, ile 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, haina mahali inaposema kila mwajiri alipe trezyemu, hapana. Inatoka kwenye kontra yako, yaani mkataba wa kazi, au kwenye konvansio kolektifu, mapatano ya pamoja ya waajiri na wafanyakazi. Lakini ile ile sheria, pale inapoeleza malipo ya mfanyakazi ni nini, inataja gratifikasio (bonasi) na mwezi wa nyongeza humo humo pamoja na mshahara na prime (marupurupu). Sasa patroni wetu kila mwaka ananiambia "mama, ile ni zawadi", na mimi kila mwaka namjibu, patroni, zawadi gani inaandikwa kwenye kontra na sinyatiri yako, saini yako, chini? Anacheka. Kulipa analipa, ila lazima aseme kwanza.

Basi. Kwenye garaji yetu kuna fundi Mfilipino, mtu mpole anayekula bukari, ugali wetu, kutupita sisi wenyewe, na mwaka jana alinikuta nahangaika na haya mahesabu akaniambia kwao wala hakuna mjadala, ni sheria tangu 1975, dekreti namba 851 ya wakati wa rais Marcos, mwanzoni ilikuwa ya wenye mshahara usiopita peso 1,000 kwa mwezi, halafu 1986 rais Corazon Aquino akaondoa hicho kikomo. Na mwisho wa kulipa ni tarehe 24 mwezi wa kumi na mbili. Akanionyesha na hesabu yenyewe: unajumlisha mshahara wa msingi wote mtu aliopata ndani ya mwaka, unagawa kwa 12, kwisha. Masaa ya ziada na posho haviingii. Nikaipenda hiyo fomula kwa kuwa haina maneno mengi, nikaiweka kwenye Excel. Mwaka jana ilitoka bila shida, na sababu ya kutokuwa na shida sikuijua mpaka mwaka huu: mwaka jana hakuna mtu aliyeongezewa mshahara.

Mwaka huu papa wa geti aliongezewa. Miezi tisa alikuwa anapata dola 200, mwezi wa kumi wakamfanya mkubwa wa walinzi wote, akapanda 260. Fomula yangu ikasema: 1,800 na 780 ni 2,580, gawa kwa 12, dola 215. Nikachapisha karatasi, nikagawa.

Kesho yake asubuhi yupo mlangoni, kofia mkononi, na daftari ya shule, zile za kurasa 48 zenye meza ya kuzidisha nyuma, imefungwa na mpira wa chupa ya dawa. Ndani kuna kila mwezi tangu aanze kazi hapa: tarehe aliyopokea, dola ngapi, mafranga ngapi, na taux ya siku hiyo, yaani dola ni mafranga ngapi, bic ya bluu, na pale tulipochelewa kulipa ameandika siku ngapi kwa bic nyekundu. Mimi mwenye kompyuta sina kitu safi namna hiyo.

"Mama, kontra inasema mshahara ya mwezi moja."

Ndiyo, papa.

"Mshahara yangu ya mwezi ni ngapi?"

260.

Akanyamaza. Hakuongeza neno, akabaki ananiangalia tu, na mimi nikafungua kontra yake nikasoma ule mstari mara tatu nikitafuta neno "wastani", halipo. Imeandikwa mwezi mmoja wa mshahara wa msingi wa mwezi wa kumi na mbili, na kwa aliyeingia katikati ya mwaka ni kulingana na miezi yake. Dola 45 nilikuwa nimemkatia mzee wa watu kwa sababu ya fomula ya Manila.

Usiku nikakaa kusoma, nikakuta Wabrazili wanahesabu kama papa wa geti. Sheria yao ya 1962, namba 4.090, inachukua mshahara wa mwezi wa kumi na mbili, inakupa moja ya kumi na mbili yake kwa kila mwezi uliofanya kazi. Yaani nchi mbili, zote trezyemu ni lazima, na mtu yule yule kwa Mfilipino anapata 215 kwa Mbrazili 260. Aliyepandishwa cheo anaipenda Brazili, patroni anaipenda Filipino, na sisi wa hapa inabidi tusome kontra.

Wabrazili walinisaidia na kwa mchomeleaji wetu aliyeanza tarehe 12 mwezi wa tano, kontra haisemi nusu mwezi inahesabiwaje. Kwao siku 15 na kuendelea ni mwezi mzima, chini ya hapo ni sifuri. Yeye mwezi wa tano ana siku 20, kwa hiyo miezi 8, mshahara 300, mara 8 gawa kwa 12, anapata 200. Patroni alitaka 7, ingekuwa 175. Nikamwambia kama tunaazima ya watu tuazime yote. Kosa langu, maana akaenda kusoma naye, akarudi amefurahi: kumbe Brazili wanalipa mara mbili! Na sisi tulipe nusu sasa, nusu mwezi wa pili. Nikamjibu: patroni, nusu ya kwanza kwao mwisho tarehe 30 mwezi wa kumi na moja na ya pili mwisho tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili. Hiyo habari ya mwezi wa pili hukuisoma mahali. Akatia saini.

Kuna na wale waliotaka niweke transpoti na nyumba ndani, hapana, ndugu zangu, hivyo viwili sheria yetu ya Kongo yenyewe imevitoa nje ya malipo. Na makato yanapita kama mwezi mwingine wowote, CNSS (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii) asilimia 5 upande wa mfanyakazi, halafu IPR (kodi ya mshahara), msinipigie simu usiku.

Nikarekebisha za watu watatu, wote waliopanda mwezi wa kumi. Papa wa geti nilimwita mwenyewe. Akasoma bulteni mpya, karatasi ya mshahara, taratibu, kidole kwenye mstari, 260, akashuka, akasimama kwenye CNSS.

"Hii dola 13 inaenda wapi, mama?"

Kwa pansio yako, papa.

Akaiandika kwenye daftari. Akaniuliza taux ya leo, akaandika na hiyo. Halafu akafungua ukurasa mwingine, safi, akachora mstari na rula, juu akaandika CNSS, akaniambia kuanzia leo kila mwezi nimuonyeshe karatasi ya kwamba imefika.