Namba 9 Isiyo 9: Nilivyochagua na Kupima Plagi za MGB Yangu

Nimechoka kuambiwa kwamba plagi, kile kifaa kinachorusha cheche ya kuwasha petroli ndani ya silinda, ni plagi tu. Kwa miezi minne MGB yangu, gari dogo la michezo la Kiingereza la mwaka 1965, yenye injini ya silinda 4, ujazo wa cc 1,798 na kabureta mbili za SU, ilinisumbua kwa sababu niliwasikiliza watu wanaosema hivyo, na leo ninaandika nikiwa na furaha ya mtu aliyeitibu kwa mikono yake mwenyewe.

Tatizo lilianzia kwenye namba. Kitabu cha gari kinataka Champion N9Y. Muuzaji wa vipuri hakuwa nazo, akanipa NGK B9ES na kunihakikishia kwamba 9 ni 9. Uzi wake ni wa milimita 14 na urefu wake ni milimita 19, kama hedi ya gari hili, yaani kifuniko cha juu cha silinda ambamo plagi hufungwa, inavyotaka, kwa hiyo ziliingia bila shida na injini ikawaka. Baada ya siku tatu za safari fupifupi ikaanza kumisi, yaani kuruka mipigo, na nilipozifungua nilizikuta zote nne nyeusi tititi kwa masizi makavu. Nikazishuku kabureta, na Jumamosi mbili zikapotea nikirekebisha mchanganyiko wa petroli na hewa ambao haukuwa na kasoro yoyote.

Kumbe makampuni haya mawili huhesabu joto kwa kupishana. Kwa Champion, namba ikipanda plagi huwa ya moto zaidi. Kwa NGK, namba ikipanda plagi huwa ya baridi zaidi, yaani huondoa joto kwenye ncha yake na kulipeleka kwenye hedi kwa haraka zaidi. B9ES inafaa injini inayokimbizwa kwa nguvu muda mrefu, kama ya mashindano. Ncha ya kauri inapaswa kufikia nyuzi joto 450 hivi za Selsiasi ili iunguze masizi yake yenyewe, na isizidi sana nyuzi 800, kwa maana hapo huanza kuwasha mchanganyiko kabla ya cheche kuruka. Kwa mwendo wangu wa kawaida, ncha zile hazikukaribia hata kile kiwango cha chini. Inayolingana na N9Y ni BP6ES, na herufi P isiachwe, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha kwamba ncha imechomoza kuingia ndani ya chumba cha kuwakia. Iangalie pia ile E: yenye H mahali pake ina urefu wa milimita 12.7 tu, hivyo cheche hubaki imejificha ndani ya tundu, na uzi ulioachwa wazi hujaa kaboni.

Nilipopata BP6ES, jamaa mwenye gari kama langu alinishauri nipanue pengo, yaani nafasi ambayo cheche huruka kati ya elektrodi mbili za plagi, ya katikati na ya pembeni, hadi milimita 1, akidai kwamba cheche ndefu ndiyo yenye nguvu. Nilimwamini kwa sababu gari lake linakwenda vizuri sana. Hakuniambia, nami sikumwuliza, kwamba kwenye distributa, inayogawa umeme kwa kila plagi, alikwisha kuondoa pointi, ile swichi ndogo inayokata umeme wa koili, na kufunga mfumo wa kielektroniki wenye koili kali (koili ndiyo inayopandisha volti za cheche), ambao kweli unamudu pengo pana. Langu bado lina pointi. Likiwa limesimama lilinguruma kwa utulivu, lakini nikipanda mlima kwa gia ya nne na kukanyaga mafuta, nguvu ilikatikakatika kama mtu mwenye kwikwi. Volti zinazohitajika ili cheche iruke huongezeka pengo likipanuka, na huongezeka tena silinda inapojaa na mgandamizo kupanda, yaani wakati uleule unapoitaka nguvu. Injini kunguruma vizuri gari likiwa limesimama hakukupi uhakika wowote kuhusu pengo.

Nililirudisha pengo kwenye sehemu 25 za elfu moja za inchi (mafundi husema elfu 25), ambazo ni milimita 0.64, kama kitabu kinavyosema. Kwikwi ikapungua sana lakini haikwisha, ndipo nilipoifikiria koili. MGB za mwanzo zilitoka kiwandani zikiwa na chanya ya betri imefungwa kwenye bodi, utaratibu ulioachwa mwaka 1967. Langu liligeuzwa na mwenyewe wa zamani ili hasi ndiyo ifungwe kwenye bodi, nami nikashuku kwamba hakugeuza nyaya za koili. Koili iliyofungwa kinyume hufanya kazi, ila elektroni hulazimika kuanzia kwenye elektrodi ya pembeni, ambayo ni ya baridi, badala ya ile ya katikati ambayo joto lake huziachia kwa urahisi. Kwa hiyo pengo lilelile hudai volti nyingi zaidi.

Chombo cha kulichunguza jambo hilo ni penseli. Nilisubiri giza liingie, nikaifunga penseli kwenye ufito mkavu mrefu ili mkono wangu ukae mbali, kwa sababu umeme huo si wa kuchezea. Waya wa plagi ya kwanza niliufungia kwenye kipande cha mbao kavu, mwisho wake ukiwa milimita chache kutoka kichwa cha plagi, kisha nikawasha injini na kuiingiza ncha ya penseli katikati ya cheche. Hapo mwali wa rangi ya machungwa huchanua upande mmoja wa ncha: ukielekea plagi, koili iko sawa; ukielekea waya, iko kinyume. Wangu ulielekea waya. Nilirudia mara tatu ili nisidanganywe na macho. Nikazima, nikahamisha waya wa swichi kutoka kwenye ncha ya koili iliyoandikwa SW kwenda ile iliyoandikwa CB, na ule wa distributa nikaufunga SW. Niliporudisha penseli, mwali ulikuwa umegeuka ukitazama plagi. Kesho yake nikaupanda mlima uleule kwa gia ileile, na injini haikukata hata mara moja.

Pengo pima kwa geji ya waya wa mviringo ikiwa plagi imetumika, kwa sababu elektrodi ya pembeni hulika ikawa na kishimo ambacho geji bapa hupita juu yake bila kukiona. Kinachopindwa ni elektrodi ya pembeni peke yake. Ukiegemeza kifaa kwenye ya katikati utaipasua kauri. Wala usiamini pengo la kwenye kasha, kwani zangu nilipozipima zilikuwa karibu milimita 0.8. Ninapozirudisha plagi kwenye hedi, huanza kwa kuchomeka kipande cha bomba la mpira la petroli kwenye kichwa cha plagi na kukizungusha kwa vidole: uzi ukiingia upande, mpira huteleza kabla hedi haijaharibika. Gharama yote, pamoja na zile B9ES nilizozitoa, haikufikia bei ya tairi moja.

Baada ya kilomita 400 nilizifungua tena, safari hii nikiwa nimezima injini mara tu baada ya mwendo mrefu bila kuiacha ingurume, na nikaisubiri ipoe. Ncha zote nne zilikuwa na rangi ya hudhurungi hafifu, dalili ya plagi yenye afya, na geji ya elfu 25 ilipita kwa kukwaruza kidogo tu.