Kaunta buku la Mkomazi na Saadani

Wiki ya tatu sasa meza ya chakula hapa kwetu Chumbageni, Tanga, hailiwi, tunakula mkekani, maana meza imejaa picha, mikasi, gundi, vipande vya manila, tiketi na risiti, na mama kashanizoea, akipita anakamata leso yake vizuri isije ikapeperusha vikaratasi vyangu. Ni kumbukumbu za mkutano wa mwaka wa chama chetu cha kusafiri. Mwaka huu tulisema badala ya kukodi ukumbi tukakaa kwenye viti vya plastiki tukisomeana mapato na matumizi, twende tukakutane hifadhini, tena hifadhi mbili, Mkomazi kwanza afu tushuke Saadani, siku tano, watu 31, Coaster moja na Land Cruiser mbili za kukodi, wenzetu wa Moro, Dar, Moshi na Arusha wakatukuta Same.

Sasa shoga zangu wananiuliza, picha si zote ziko kwenye grupu la WhatsApp, unabandika nini tena? Ngoja niwaambie.

Bibi yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, aliacha albamu nyumbani kwake Ngamiani barabara ya 9, zile albamu za zamani za karatasi nyeusi, picha zimeshikwa na vipembe vidogo kila kona. Mna picha moja humo ya wanawake sita wamesimama mbele ya basi, wamejitanda khanga, mmoja kashika birika, nyuma kuna mlima. Wanacheka wote, yaani wanacheka mpaka wewe unaetazama unacheka. Mama anasema pale ni Lushoto, mama mdogo anasema hapana ule mlima ni wa Same, bibi ni wa tatu kutoka kushoto, na wale watano hakuna anaewajua hata mmoja. Nyuma ya picha kuna muhuri wa studio tu, nao umefutika. Nimeuliza wazee wa mtaani, nimefika mpaka Makorora kwa bibi mmoja walieuza nae bajia zamani, wapi. Watu watano walisafiri na bibi yangu wakafurahi nae kiasi kile na mimi hata majina yao siyajui. Kila nikiifungua ile albamu inaniuma upya.

Kwahiyo sheria yangu ni moja, picha haiingii kitabuni mpaka niwe na majina ya waliomo, siku, mahali, na ikiwezekana neno lililosemwa pale pale. Na haya lazima uyakusanye mapema, wiki mbili zikipita watu wanaanza kukwambia "ah, sikumbuki, si ilikua siku ile tuliyokula samaki". Majina nyuma ya picha naandika kwa penseli laini, kalamu ya wino inatokeza upande wa pili na wakati mwingine inaambukiza picha unayoilaza juu yake.

Kitabu chenyewe ni kaunta buku la kwaya nne, jalada gumu, kila baada ya karatasi mbili nimekata moja karibu na mshono ili likijaa picha lisivimbe likashindwa kufunga. Picha nimesafisha studio, na hapa nawaomba sana wanachama wenzangu wa vyama vya kusafiri popote mlipo, picha za kusafisha msitumiane WhatsApp kama picha za kawaida, zinabanwa zinapungua ubora, tumeni kama dokumenti. Nilisafisha twiga wa Mkomazi aliyetumwa kawaida akatoka ana ukungu hata madoa yake hayaonekani, nikamuomba dada wa Moshi anitumie upya kwa dokumenti, mpaka kope zikaonekana.

Ukurasa wa kwanza wa Mkomazi nimechora kijiko cha mti, kwasababu muongozaji wetu alituambia jina lenyewe ni la Kipare, mko ni kijiko, mazi ni maji, yaani sehemu ambayo maji yake ni ya kijiko kimoja tu. Na kweli tulikwenda kiangazi, ardhi nyekundu, vumbi mpaka kwenye meno, wanyama wote unawakuta njia ya bwawa la Dindira. Kile kipande kilikua pori la akiba tangu 1951, kikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa 2008, kilomita za mraba 3,245, na upande wa pili wa mpaka kinapakana na Tsavo ya Kenya kwahiyo tembo wanakwenda na kurudi bila pasipoti. Faru weusi tuliwaona ndani ya eneo lao lenye uzio, wanalindwa usiku na mchana. Mzee mmoja wa chama, yeye kazaliwa Same kabisa, alikaa kimya muda mrefu afu akasema "mimi nimekua hapa na huyu sijawahi kumuona". Hayo maneno nimeyaandika makubwa chini ya picha ya faru, na picha yenyewe ndogo tu maana alikua mbali.

Mkutano wenyewe, ule wa ajenda na kura, sitausema sana, tulifanyia Same jioni, ada ya mwaka ikapanda, viongozi wakabaki walewale isipokua mweka hazina. Nimebandika karatasi ya ajenda yenye doa la chai na kikaratasi kimoja cha kura, inatosha.

Saadani ndio imekula kurasa nyingi. Tulirudi Tanga tukalala, asubuhi tukashika njia ya Pangani, tukavuka kwa pantoni kwenda Bweni, tukaambaa na pwani mpaka Mkwaja na kuingia hifadhini. Daraja kubwa lilikua linajengwa pale mtoni kwahiyo tiketi ya pantoni nimeitunza kama dhahabu, wajukuu wetu watakuja kuuliza pantoni ni kitu gani. Saadani imekua hifadhi ya taifa 2005 na ndio hifadhi ya Tanzania ambayo mbuga inakwenda kukutana na mchanga wa Bahari ya Hindi, asubuhi tuliona kuro na tohe, wale wa jamii ya swala, kwenye nyasi na nyuma yao bahari bluu imetulia kama sahani. Mto Wami tulipanda boti, viboko wanapumua pembeni, mamba wamejianika na vinywa wazi, mama mmoja wa Dar alishika mkono wangu kwa nguvu mpaka nikabaki na alama za kucha, na hilo pia nimeliandika.

Lakini fulana. Kamati ilitushonea fulana nzuri za chama, rangi ya bluu iliyokoza, na hakuna aliyefikiria kwamba ndorobo, wale nzi wa kung'ata, wanaipenda bluu na nyeusi kuliko rangi zote. Ile mitego yao wanayotundika porini si vitambaa vya bluu na vyeusi hivohivo? Sehemu za Mkwaja zamani ilikua ranchi ya ng'ombe, na ndorobo ni moja ya vitu vilivyoishinda mpaka ikafungwa mwaka 2000. Basi tumeingia sisi 31 na bluu zetu, gari ikisimama tu wanaingia madirishani, wanang'ata juu ya nguo, na sio kama mbu, ndorobo akikung'ata unajua umeng'atwa, pale pale pakavimba. Watu wakaanza kuvaa fulana ndani nje, wengine wakajifunika mashuka. Nimekata kipande cha mkono wa fulana yangu, inchi mbili kwa mbili, nimekishona kwenye karatasi kwa uzi na pembeni nimeandika kwa herufi kubwa kwa ajili ya kamati ijayo: KHAKI AU KIJANI.

Kilichoniliza kweli ni risiti. Nilizikusanya zote, za getini, za mafuta, za gesti, nikasema nizipeleke stesheneri moja hapa mjini zikapigwe laminesheni zidumu. Kijana akaingiza ya kwanza kwenye mashine ikatoka nyeusi tii, kama kipande cha mkaa ndani ya nailoni. Akaingiza ya pili kabla sijamzuia, nayo hivohivo. Ilikua risiti ya geti la Mkomazi ile, yenye tarehe na saa tuliyoingia. Zile karatasi za mashine za risiti haziandikwi kwa wino, zinaandikwa kwa joto, ukizipitisha kwenye joto tena karatasi nzima inageuka, na hata ukiziacha tu kwenye jua au kwenye pochi baada ya miezi maandishi yanakimbia. Jamani risiti toeni kopi siku hiyohiyo, bandikeni kopi. Nilitoka pale dukani nikakaa kwenye ngazi nikashindwa hata kuita bodaboda.

Na unyevu wetu huu wa Tanga nao ni adui. Gundi ya uji wa ngano tuliyokua tunatumia shule siitaki hata kuiona, mende wanaila na karatasi yake. Gundi ya maji inakunja karatasi. Natumia ile ya kijiti, kidogo kwenye kona tu, na picha za maana sigundishi kabisa, nafanya vipembe vya karatasi kama albamu ya bibi, ili siku moja mtu akitaka kuitoa aitoe nzima. Vile vipakiti vya punje vinavyokuja kwenye boksi la viatu msivitupe, nimeviweka vinne ndani ya mfuko na kitabu.

Watu wengine wanapenda kubandika manyoya ya ndege, kombe, mbegu. Hifadhini hairuhusiwi kutoka na kitu, hata ganda la kombe ufukweni unaliacha, na mi naona ni sawa kabisa, tukichukua 31 mara wageni wote wa mwaka kitabaki nini. Nilichofanya ni hiki, nyayo ya kiboko kwenye tope la Wami, muongozaji aliporuhusu tushuke, nilipima kwa ukingo wa khanga yangu, nikaweka alama kwa penseli, nyumbani nikaichora kwa ukubwa wake uleule, vidole vinne, imejaza ukurasa mzima. Mtoto wa dada yangu anaweka mkono wake juu yake kila siku akirudi madrasa, na mkono hauijazi hata nusu.

Madete nimeacha ukurasa karibu mtupu. Ni pale ufukweni kasa wanapopanda usiku kutaga, mayai yanakaa kwenye mchanga kama miezi miwili ndio vitoto vinatoka vyenyewe kuelekea baharini. Tulikwenda alfajiri, tukaona mburuzo wake mchangani, mpana kama tairi ya trekta, umepanda umerudi, mwenyewe keshaondoka. Simu zilikua zimeisha chaji kwahiyo hakuna picha. Nimechora mistari miwili ya penseli kutoka chini ya ukurasa mpaka juu na kurudi, na saa: 11:40 alfajiri. Dada wa Moro, ambae hakuwahi kufika baharini maisha yake yote, akachota maji kwa kiganja akaonja, akageuka akatuambia "kumbe ni kweli".

Jana nilidhani nimemaliza. Nikakuta picha ya wote 31 mbele ya Coaster, ile ya mwisho, nahesabu nyuso nakuta 32. Nyuma kabisa mlangoni kasimama kijana kashika dumu la maji, anacheka kuliko wote. Utingo. Siku tano katubebea mabegi, katuchotea maji, kabadilisha tairi juani Mkomazi, na sote tulikua tunamwita "konda" tu. Moyo ulinipasuka, nikaiona ile picha ya bibi. Nikampigia mweka hazina hajui, nikampigia mwenyekiti hajui, mwenye gari simu haipokelewi, ikabidi nimtafute dereva, dereva akanipa namba ya kaka yake, usiku saa tatu nikampata mwenyewe, nikamuuliza majina matatu na anapenda yaandikwe vipi, akanitajia herufi kwa herufi.

Nimeyaandika kwa penseli nyuma, na kwa kalamu chini ya picha. Kesho kitabu kinapanda basi kwenda Moro kwa yule dada aandike ukurasa wake kwa mkono wake, afu Dar, afu Moshi. Nimekifunga nailoni mbili na khanga kuukuu juu, na nje nimeandika kwa makapeni: USIKUNJE, USILOWESHE, USIWEKE JUANI.