Wageni wa makaburini Kongwa

Ninaendesha Noah hapa Dodoma, na safari ninayoijali kuliko zote ni ya Kongwa. Tukishaiacha barabara kuu ya Morogoro pale Mbande, nakuwa nimeshajua kama niliyembeba ni mgeni wa matembezi au wa msiba. Wa matembezi ana maswali: kuhusu Waingereza walioshindwa kulima karanga miaka ya 1940, kisha kambi ya wapigania uhuru ya mwaka 1964, walipokaa FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wengineo, Samora Machel akiwemo. Wa msiba hunyamaza. Ametoka Afrika Kusini au Namibia kumfuata mtu wake aliyezikwa huku kwetu.

Niliwahi kumpeleka mama mmoja kwa ajili ya baba yake mkubwa. Pale makaburini hakuuliza siasa. Alimuuliza bibi mmoja wa Kongwa, mimi nikitafsiri: walikuwa wanakula nini? Bibi akajibu, ugali wa uwele na mlenda, na mlenda mwanzoni uliwashinda wengi. Yule mama akacheka huku machozi yanamtoka, akaomba akae. Hapakuwa na pa kukaa. Bibi akatandika kanga yake chini, wakakaa wote wawili, maongezi yakahamia kwa wapiganaji waliozaa na wanawake wa pale, na watoto wao waliobaki. Tuliondoka jua likizama.

Nilimwelewa. Mama yangu mdogo alikuwa kwenye treni iliyorudi nyuma ikagonga ya mizigo kule Msagali, tarehe 24 Juni 2002. Walikufa watu 281. Wa kwetu hatukuweza kumtambua, yumo kwenye kaburi la pamoja Maili Mbili, hapa Dodoma. Tukienda kumwombea hatujui tuelekee upande gani.

Kwa hiyo wanaosema kupeleka watalii makaburini ni kuwauza wafu, mimi siko nao. Waliolala Kongwa wako mbali na ndugu zao, na anayefika pale akauliza jina la mtu amefanya kazi ya ndugu. Ila mapokezi yawe ya msibani: kivuli, viti, maji ya kunywa, majina yaliyoandikwa yakasomeka, na mzee wa kuongea naye. Geti na tiketi vije baadaye. Na madereva wenzangu, malipo ya huyo mzee tuyaweke kwenye bei ya safari tangu Dodoma, tusimwachie mgeni ampe noti ya elfu mbili dirishani gari likiwa limeshawashwa.